Saa ya milioni 25 isiyojua Mumbai ni saa ngapi

Ndugu zangu, leo nachokoza mzinga wa nyuki. Najua kati yenu wapo wanaoweka akiba kwa ajili ya kitu hiki, wapo walioweka picha yake kwenye kioo cha simu, na yupo rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye Mlimani anayezitaja namba za matoleo yake kama mzee wa Msimbazi anavyotaja kikosi cha Simba cha mwaka 1993. Nazungumzia zile saa za mkono za kifahari, zisizotumia betri, zinazouzwa kwa jina la GMT, kwamba ni saa za msafiri anayevuka kanda za saa. Nasema hivi: hazina kazi yoyote safarini. Zilikuwa nayo zamani, ikaisha. Kinachouzwa leo ni kitu kingine kabisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki mbili zilizopita nilikabidhiwa pale kazini ukurasa mzima wa toleo la wikiendi, niujaze makala kuhusu saa hizi. Maelezo yalikuwa yamekuja tayari kutoka kwa watu wa matangazo, kwa Kiingereza kinachonukia marashi. Kazi yangu ilikuwa kuyatia Kiswahili na kuweka jina langu juu. Neno "tangazo" lisionekane popote! Msafiri makini, yalidai maelezo hayo, hawezi kuishi bila saa inayomwonyesha muda wa nyumbani na wa ugenini kwa pamoja. Nikasema jina langu sitaweka. Ukurasa akapewa mwenzangu, nami nikabaki na hasira pamoja na rundo la mambo niliyokuwa nimeshayasoma nikijiandaa kuandika. Nayamwaga hapa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Saa hizi zilizaliwa na shida ya kweli. Miaka ya 1950 ndege za abiria zilianza kuruka mbali kiasi kwamba rubani anaondoka New York jioni, anatua Ulaya asubuhi, na mwili wake haujui uko upande gani wa siku. Halafu mambo ya anga hayaendeshwi kwa saa za mji anakotoka rubani wala anakokwenda. Yanaendeshwa kwa saa za Greenwich, ili mwongoza ndege wa London na wa New York wakisema saa fulani wawe wanasema kitu kimoja. Mwaka 1953 kampuni ya Uswisi iitwayo Glycine ikatoa saa ya marubani, Airman, ambayo uso wake una saa 24 badala ya 12. Mwaka 1955 Rolex wakatoa GMT-Master, wakiwalenga marubani wa shirika la Pan American, lile tulilozoea kuliita Pan Am.

Ujanja wa GMT-Master ni mwepesi, na ni mzuri. Saa ya kawaida ina mshale wa saa, wa dakika na wa sekunde. Hii imeongezewa mshale wa nne, ambao unachukua saa 24 kuzunguka mara moja. Pembeni mwa kioo kuna pete yenye namba hadi 24, nusu nyekundu na nusu ya bluu, mchana na usiku. Mishale ya kawaida inakupa saa za ulipo, mshale wa nne unakupa saa za Greenwich, au za nyumbani, au za popote utakapotaka. Basi. Hakuna kompyuta, hakuna betri, ni magurudumu ya meno na springi. Na katikati ya miaka ya 1950 bei yake huko Marekani ilikuwa takriban dola 240, ambazo ukizipandisha kwa mfumuko wa bei hazifiki dola 3,000 za leo. Kwa rubani mwenye mshahara wa rubani, hicho kilikuwa kifaa cha kazi kama bisibisi ya fundi umeme.

Sasa tazama kilichofuata. Tarehe 25 Desemba 1969, sikukuu ya Krismasi, Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi duniani. Kwa lugha ya Kariakoo, saa ya betri. Miaka michache baadaye saa za namna hiyo zikawa rahisi kama soksi, na zikawa zinashika majira kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye mikono ya mafundi wa Uswisi. Viwanda vya Uswisi vilikuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya 30,000. Miji mizima milimani kule ilibaki bila kazi.

Hapo ndipo kuna fundo lenyewe. Mtu aliyekuwa akiuza muda, akashindwa kwenye muda, alikuwa na njia mbili: afunge duka au abadilishe bidhaa bila kubadilisha kasha. Waswisi wakachagua ya pili, na sitawalaumu, biashara ni biashara. Kilichokuwa kifaa kikawa kito. Lakini maneno ya tangazo yakabaki ya kifaa: rubani, mpiga mbizi, mvumbuzi, msafiri. Pan Am yenyewe ilikufa Desemba 1991. Wateja wa kwanza wa saa hii wamekwisha, saa ipo, na watu wazima wenye familia zao wanapanga foleni za kuandikishwa madukani wakisubiri kuitwa wauziwe "Pepsi" au "Batman". Ndiyo majina hayo, jamani! Pepsi ni ile yenye pete nyekundu na bluu, Batman ni bluu na nyeusi.

Tuzungumze namba kidogo, maana tumesoma sote. Taasisi ya Uswisi inayopima mitambo ya saa na kuipa cheti cha kronomita inakubali mtambo unaochelewa hadi sekunde 4 au kuwahi hadi sekunde 6 kwa siku. Rolex wanajibana zaidi, wanaahidi isizidi sekunde 2 kwa siku, huku au huku. Sekunde 2 mara siku 30 ni dakika nzima kwa mwezi. Ile Casio ya plastiki aina ya F-91W, inayouzwa tangu mwaka 1989, ambayo nusu yetu tuliivaa sekondari, kiwandani wanaahidi isizidi sekunde 30 kwa mwezi. Rudia kusoma hapo. Saa ya mwanafunzi wa kidato cha pili inaahidi kukosea nusu ya inavyoahidi kukosea saa ya mkurugenzi.

Na bei? GMT-Master II ya chuma, si ya dhahabu, dukani ni zaidi ya dola 10,000. Ukikadiria shilingi 2,500 kwa dola, ni zaidi ya shilingi milioni 25. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma hapa Tanzania kilipandishwa mwaka 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Gawanya. Miezi 50 bila kula, bila nauli, bila kodi ya nyumba, bila makato. Miaka minne na zaidi, ili ujue ni saa ngapi London.

(Kwa bajeti yangu mimi, Rolex ninayoimudu ni ile ya Wandegeya, Kampala: chapati, mayai mawili, kabichi na nyanya, inaviringishwa mbele yako na unaila ya moto. Nayo humsaidia sana msafiri.)

Lakini bei si hoja yangu kubwa. Kuna watu wananunua magari ya milioni 200 na sisemi kitu. Hoja yangu ni ule uongo wa safari, na uongo huo unachekesha zaidi ukiuleta kwetu, kwa watu tunaosema Kiswahili.

Hebu angalia ukutani ulipo. Mshale mfupi uko kwenye mbili, mrefu kwenye kumi na mbili, ni mchana. Ni saa ngapi? Umeshasema saa nane. Hukukokotoa, hukushika kalamu, hata hukujua kwamba umeongeza sita. Kichwa chako kinasoma saa moja machoni na kutoa nyingine mdomoni, kila siku, tangu darasa la pili. Ofisini unaandika kwenye baruapepe kwamba kikao ni 2:00 pm, unatoka nje unamwambia dereva saa nane, unampigia mama kijijini unasema saa nane, unarudi ndani unasema tena "two o'clock". Tunaishi kwenye nyakati mbili zilizoachana kwa saa sita, milele, bila mshale wa nne. Huku kwetu jua linachomoza na kuzama karibu muda ule ule mwaka mzima, kwa hiyo wazee waliona ni akili kuanza kuhesabu jua linapochomoza. Huo ndio mfumo wa saa mbili kwa pamoja, na haujawahi kupelekwa kwa fundi.

Halafu anakuja mtu kutuambia kwamba kutofautisha saa za nyumbani na za ugenini ni kazi nzito inayohitaji milioni 25!

Tujiulize basi, ni nani hasa huku kwetu anayevuka kanda za saa? Anayevuka sana ni dereva wa lori. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anapita Morogoro, Iringa, Mbeya, anafika Tunduma. Upande wa pili wa mpaka ni Nakonde, Zambia, na huko saa ziko nyuma kwa saa moja. Anasonga hadi Kasumbalesa, anaingia Kongo, anashusha Lubumbashi, bado kwa saa zile zile za Zambia. Mwenzake aliyechukua njia ya Rusumo kwenda Kigali naye anarudi nyuma kwa saa moja akivuka daraja la Kagera. Ukikaa Tunduma utasikia watu wakipanga miadi na kumalizia kwa swali fupi: "Saa zetu au zao?" Simu zenyewe pale mpakani huchanganyikiwa, maana zinadaka mnara wa upande huu mara wa upande ule, na saa inaruka mbele na nyuma kama panzi. Dereva hababaiki. Anajua forodha inafungua saa ngapi kwa saa za nani, na akikosea analala foleni siku nzima na mzigo wa mtu. Huyo ndiye msafiri wa kanda za saa ambaye kukosea kunamgharimu pesa mfukoni, na mkononi amevaa saa ya elfu kumi na tano au hana kabisa.

Wa pili ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Johannesburg wako nyuma kwa saa moja. Istanbul ni saa zetu zile zile, tangu Waturuki walipoamua mwaka 2016 kuacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi. Guangzhou ni saa tano mbele. Mama anayeleta vitenge na mapazia kutoka Guangzhou anaijua hiyo tano kama anavyojua namba ya simu ya mwanawe, na akiamka alfajiri kumpigia wakala wake haangalii pete nyekundu na bluu.

Wa tatu ni mgonjwa, na hapa sifanyi mzaha. Kwa familia nyingi za hapa mjini, safari pekee ya kuvuka bahari waliyowahi kuifanya ilikuwa ya kumpeleka mtu India kutibiwa. Sasa sikilizeni jambo ambalo maelezo niliyopewa hayakulitaja hata kwa nukta moja. India wanatumia saa tano na nusu mbele ya Greenwich. Nusu! Dar es Salaam ikiwa saa sita kamili mchana, Mumbai ni saa nane na nusu. Mshale wa saa wa GMT-Master II, ukiwa safarini, unausogeza kwa kuruka saa nzima nzima, na mshale wa dakika ni mmoja tu kwa nchi zote mbili. Ukiweka saa za Mumbai sawasawa, mshale wa nne hauwezi kukaa kwenye saa za Dar sawasawa: utakuwa nusu saa mbele au nusu saa nyuma, na nusu hiyo itabidi uihesabu kichwani. Kichwani! Milioni 25 umelipa ili usihesabu kichwani.

Wahindi ni zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne. Si kisiwa cha watu kumi kwamba tuseme saa imewasahau kwa bahati mbaya. Ongeza Iran, saa tatu na nusu. Ongeza Afghanistan, nne na nusu. Ongeza Nepal, ambao wako kwenye tano na dakika 45. Zipo saa za bei kubwa zaidi ya hii zinazojua nusu na robo, najua, msinitumie picha zake. Mimi nazungumzia hii inayotajwa kuwa mfalme wa safari.

Tena kasoro hiyo si ya leo. Oktoba 1884 wakubwa wa dunia walikutana Washington wakaamua kwamba mstari wa kuanzia kuhesabu upite Greenwich. (Mwezi uliofuata baadhi yao walikaa tena Berlin, na kule mistari waliyoishughulikia ilikuwa yetu.) Liberia ilikuwa na mwakilishi kwenye mkutano ule wa Washington, na bado Liberia hiyo hiyo iliendelea kutumia saa zake yenyewe, dakika 44 na sekunde 30 nyuma ya Greenwich, hadi Januari 1972. Pan Am walikuwa na kituo chao kikubwa pale Robertsfield, Liberia. Maana yake ni kwamba marubani wale wale waliotengenezewa saa hii walikuwa wakitua kwenye nchi ambayo mshale wao wa nne haukuweza kuisema bila hesabu za kichwani. Hakuna aliyepotea njia. Walihesabu.

Haya, sasa utetezi. Nimeshasikia yote, hasa kutoka kwa yule rafiki yangu wa Mlimani.

Ataanza na Che Guevara. Kweli, Che alivaa GMT-Master, picha zipo. Na ni kweli Che ana historia na sisi: Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, akashindwa, akarudi kujificha Dar es Salaam kwenye ubalozi wa Kuba akiandika jinsi walivyoshindwa. Fidel Castro naye alipigwa picha Moscow mwaka 1963 amevaa Rolex mbili kwenye mkono mmoja. Kwa hiyo, wanasema, hata wanamapinduzi! Ndugu yangu, wakati ule ilikuwa saa ya dola mia mbili na kitu, imara, isiyoingia maji, na dunia haikuwa na simu ya mkononi. Aliyeivaa msituni alikuwa na sababu zake. Wewe unaivaa Masaki, kwenye kiyoyozi, mbele ya kompyuta mpakato yenye saa, simu yenye saa, na gari lenye saa.

Watasema ni uwekezaji. Bei za saa zilizotumika zilipaa sana wakati wa Uviko, zikafika kileleni mapema mwaka 2022, kisha zikaporomoka, na walionunua pale juu wakabaki wanaziangalia. Juu ya hapo mtambo wa namna hii unataka kufunguliwa na fundi aliyesomea, usafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka kadhaa, na bili yake ni mamia ya dola. Huo ni uwekezaji unaokula kama ng'ombe wa kisasa, ila hautoi maziwa.

Watasema ni urithi wa mtoto. Patek Philippe wamelitangaza wazo hilo tangu mwaka 1996, kwamba saa huimiliki, unamtunzia ajaye, na ni tangazo la akili sana kwa sababu linakufanya ujisikie mwema huku ukitumia. Babu yangu aliacha saa ya kutia ufunguo ambayo jina lake limefutika usoni. Shangazi anaitunza kwenye kopo la Kimbo. Hakuna hata mmoja kwenye ukoo aliyewahi kuuliza thamani yake.

Watasema ni sanaa. Hapo nakubali, na nakubali kwa moyo mweupe. Mtambo mdogo kuliko kizibo cha soda, wenye vipande zaidi ya mia mbili, unaojikaza kwa mtikisiko wa mkono wako ukitembea, ni kazi ya mikono na akili inayostahili heshima. Nimeangalia video za mafundi wale wakiunganisha vipande hivyo nikashindwa kulala. Mwenye pesa zake halali akipenda sanaa hiyo, anunue, nitamwomba anionyeshe. Aseme tu ni sanaa! Asiniambie ni kwa ajili ya safari. Na wala asiende nayo safarini, maana London wizi wa saa hizi ulizidi hadi polisi wakalazimika kuwavika makachero wao saa za bei mbaya na kuwatembeza usiku mitaani kuwanasa wezi. Saa ya msafiri ambayo msafiri anaambiwa aiache nyumbani au aifiche kwenye mkono wa shati...

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Kama saa hii haikusaidii kujua muda, inakusaidia nini? Inasaidia ujulikane. Ni kadi ya utambulisho inayosema nimefika mahali fulani, nina mtu fulani, mlango huu unifungukie. Kwa mfanyabiashara hilo ni shauri lake na mamlaka ya mapato. Kwa mtu anayelipwa na kodi ya yule mama wa Kariakoo, ni shauri langu mimi mwandishi, na ni shauri lako.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mkutano na waandishi wa habari katika mkoa mmoja, mada ikiwa upungufu wa madawati. Mheshimiwa aliyekuwa akituhutubia, simtaji, alikuwa na pete nyekundu na bluu mkononi. Alipoinua mkono kutuonyesha urefu wa dawati, kamera zote zilikuwa juu yake. Mkutano ulipokwisha nikamfuata msaidizi wake, nikauliza kwa adabu kama saa ile ni ya kweli. Si kosa kuvaa feki, mjini zimejaa. Akacheka. Akasema mzee alipewa zawadi safarini. Nikauliza na nani, akakumbuka ana simu ya kupokea. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake, na suala la zawadi nalo limo humo ndani. Niliandika aya mbili kuhusu hilo chini ya habari yangu ya madawati. Hazikutoka. Niliambiwa tusichanganye mada.

Kwingine wamechanganya mada. Desemba 2017, naibu waziri mkuu wa Thailand, Jenerali Prawit Wongsuwon, aliinua mkono kukinga jua wakati baraza la mawaziri likipigwa picha, na saa ya Richard Mille ikachomoza kwenye mkono wa shati. Watu wakaanza kuchimbua picha zake za nyuma, zikapatikana saa zaidi ya ishirini. Yeye akasema ni za kuazima, za rafiki yake aliyefariki. Tume yao ya rushwa ilimwachia mwaka uliofuata, sawa, ila maswali yaliulizwa mchana kweupe. Peru, Machi 2024, waandishi wa kipindi cha mtandaoni kiitwacho La Encerrona hawakumvizia mtu wala kuiba nyaraka: walipitia maelfu ya picha rasmi zilizowekwa na serikali yenyewe, wakahesabu saa mkononi mwa Rais Dina Boluarte, ikiwamo Rolex. Kabla mwezi haujaisha polisi walikuwa wamevunja mlango wa nyumba yake wakizitafuta. Akasema aliazimwa na gavana mmoja. Na hapo jirani, Kenya, vijana walioingia barabarani mwaka 2024 kupinga muswada wa fedha walikuwa wameshachoka na wanasiasa wanaoringisha saa na viatu vya bei mbaya huku wakiwaambia wananchi wakaze mkanda.

Picha rasmi na sisi tunazo. Kila ziara, kila uzinduzi wa kisima, kila kikao kina mpiga picha wake, na picha hizo zinawekwa hadharani kwa ubora wa hali ya juu, bure. Kazi ya namna ile ya Peru haihitaji bahasha wala chanzo cha siri, inahitaji macho na jioni kadhaa. Na kati ya saa zote za kifahari, hii ya msafiri ndiyo rahisi kuliko zote kuitambua kwenye picha hata kama umekaa mbali: tafuta mshale wa nne wenye ncha ya pembetatu, tafuta pete yenye rangi mbili, nusu mchana, nusu usiku, kisha linganisha tarehe ya picha na tarehe ya safari. Nimeanza na mkoa ule wa madawati. Mpaka sasa nina picha 41.